Seva Iliyojifunza Kukataa

Simu ya Rispa iliingia asubuhi, Nyamusi akiwa bado amesimama mlangoni mwa ofisi, akipekua mkoba kutafuta ufunguo.

"Nyar Kuria, friji yangu ni digrii ngapi?"

Rispa alikuwa muuguzi wa zahanati ya Kolweny, kwenye ufuo wa ziwa nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Nyar Kuria, binti wa Kuria kwa Kijaluo, ndilo jina alilompa Nyamusi, lakini hakuwa na kawaida ya kuanza bila salamu. Nyamusi alifungua mlango, akaweka mkoba sakafuni, akawasha skrini.

"Nne," akasema. "Iko kijani. Iko sawa, sista."

"Iko sawa?" Rispa alicheka kicheko kisichokuwa na furaha. "Mimi nimeweka mkono ndani. Ni moto kama sufuria imetoka kwa jiko. Barafu yote imekuwa maji. Stima ilipotea jana, hiyo ya sola nayo imekataa kuchukua, na mashine yenu inasema nne?"

"Sista, ngoja kidogo niangalie."

"Siwezi ngoja. Nje hapa kumejaa akina mama na watoto wa chanjo ya surua. Nimewaambia warudi nyumbani. Kuna mmoja ametembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni. Nimwambie nini? Kwamba Migori wamesema ni nne?"

Simu ikakatwa. Nyamusi akabaki ametazama ile nukta ya kijani iliyoandikwa Kolweny. Haikuwa imebadilika. Bado ilisema nne.

Ofisi yao ilikuwa mjini Migori, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kando ya barabara kuu iendayo Isebania, na kutwa nzima walisikia mabati yakishushwa na wapiga debe wakiita abiria wa Kisii. Kampuni iliitwa Baridi Kusini, na ilikuwa ya Frankline Odero. Yeye na Nyamusi walisoma pamoja chuoni, na Frankline alipopata mkataba wa kuchunga friji za chanjo kwenye zahanati za Migori na Homa Bay, mtu wa kwanza kumpigia alikuwa yeye. Wazo lenyewe halikuwa gumu. Ndani ya kila friji kuna kipimajoto chenye laini ya simu. Kila baada ya muda mfupi kinatuma ujumbe: mimi ni friji ya mahali fulani, joto langu ni kadhaa. Ujumbe unafika kwenye seva iliyoko Migori, seva inaandika, na skrini inaonyesha kijani au nyekundu. Friji ikianza kupata joto, muuguzi anapata onyo kwa simu yake na kuhamisha chanjo kabla hazijaharibika.

Seva hiyo Nyamusi aliiandika mwenyewe, kwa sababu zile za kawaida zinazopatikana bure mtandaoni zilivikataa vipimajoto walivyouziwa. Vilikuwa vifaa vya bei nafuu, na vilizungumza ovyo. Kompyuta zinapoombana na kujibizana kwenye wavuti hufuata kanuni zilizoandikwa, kanuni za HTTP: ombi lianze hivi, mstari uishe vile, kichwa cha ujumbe kitaje hili na lile. Vipimajoto viliruka mambo kadhaa. Basi Nyamusi akaandika seva yenye moyo mkubwa, ikapokea kila kitu, na palipokosekana neno ikakisia. Frankline aliipenda sana. Kwenye mikutano alizoea kusema, "Seva yetu haijawahi kumkataa mtu."

Sasa Nyamusi alizifungua jumbe zenyewe, jinsi zilivyofika kabla seva haijakisia lolote. Akaipata ya Kolweny. Ilikuwa fupi kuliko kawaida, maana friji ilipokosa umeme kipimajoto kiliishiwa nguvu ya kupima, kikatuma jina tu kwa betri yake ndogo. Lakini kichwani mwa ujumbe, pale panapotajwa urefu wake, palikuwa na vipimo viwili. Kimoja kiliandikwa na kipimajoto, ambacho, aligundua kwa hasira, kiliandika nambari ile ile kila mara bila kuhesabu chochote. Cha pili kiliongezwa na mtambo wa kati wa kampuni iliyouza vifaa. Mtambo huo ndio uliokusanya jumbe za friji zote na kuzisukuma Migori zikifuatana foleni kwenye laini moja, na wenyewe ulihesabu kweli. Vipimo viwili havikupatana. Seva, kwa moyo wake ule mkubwa, ilichagua cha kwanza.

Siku za kawaida tofauti ilikuwa herufi moja au mbili, na seva ilizimeza bila kelele. Siku hii ujumbe ulikuwa mfupi sana, kwa hiyo seva iliendelea kusoma ikitafuta herufi ilizoahidiwa. Ikavuka mpaka. Ikaingia kwenye ujumbe uliofuata, wa zahanati ya Kegonde huko milimani Kuria, ikachukua joto la Kegonde na kuliandika kwa jina la Kolweny. Nne. Kijani.

Hili halikuwa kosa la siku moja. Kila friji ambayo ingekufa ingetuma ujumbe mfupi, na kila ujumbe mfupi ungeazima joto la jirani. Seva ingesema kweli mwaka mzima, kisha idanganye saa ile tu ambayo ilinunuliwa kwa ajili yake.

Frankline alipoingia, mfuko wa mandazi mkononi, alimkuta ameichora foleni yote ya jumbe kwenye ubao. Alimsikiliza amesimama. Alikuwa mwepesi wa kuelewa. Kabla ya kuwa bosi alikuwa fundi kama yeye.

"Kanuni zinasema nini?" akauliza.

"Ujumbe ukiwa na vipimo viwili visivyopatana, ukatae. Jibu mia nne, ombi baya, kisha funga laini. Usichague."

"Na sisi tulichagua."

"Tulichagua."

Frankline aliketi. "Tukikataa, nini itafanyika?"

"Zaidi ya nusu ya friji zitageuka nyekundu. Vipimajoto vya aina ile vyote vinaandika nambari ile ile ya uongo."

"Nyamusi." Aliweka mandazi mezani, hakuyafungua. "Alhamisi tuko Homa Bay. Daktari Millicent atakuwa hapo na wafadhili wake. Wanakuja kuamua kama tunapewa kaunti zingine. Unataka niwaonyeshe skrini imejaa damu?"

"Nataka uwaonyeshe kile tunajua. Joto la hizo friji hatulijui."

"La nyingi tunajua."

"Ni zipi?"

Frankline alitazama ubao, akatazama dirishani, akarudi ubaoni. "Hiyo kitu weka Ijumaa," akasema mwishowe. "Siku chache tu. Wauguzi tutawapigia, waangalie kwa mkono. Lakini skrini iache."

"Nimeshaiweka," Nyamusi akasema.

Na kweli alikuwa ameiweka, walipokuwa wakizungumza. Skrini iliyokuwa nyuma ya Frankline ilianza kugeuka, nukta moja, kisha nyingine, hadi upande wote wa ziwa ukawa mwekundu na milima ya Kuria ikabaki na kijani cha hapa na pale.

Siku hiyo simu hazikupumzika. Kila muuguzi aliyepata onyo alipiga, na kila mmoja Nyamusi alimwambia maneno yale yale: nyekundu hii haimaanishi friji imekufa, inamaanisha sisi hatujui, tafadhali tumia kipimajoto cha mkono mpaka tuwaambie. Wengine walinung'unika. Mmoja wa upande wa Asumbi alimuuliza kama mashine inayoomba msaada kwa yule iliyeletwa kumsaidia bado ni mashine. Rispa peke yake ndiye aliyechangamka.

"Angalau sasa imekubali haijui," akasema. "Hapo tunaweza kuongea."

Jumatano akaja Joash Ratemo, wakala wa kampuni iliyouza vipimajoto. Alitoka Kisii na gari lake la mizigo lililooshwa likang'aa, akapanda ngazi taratibu, akasalimia kila mtu kwa mkono. Hakuwa mtu mbaya. Alijua kazi yake, na alikuja amejiandaa.

"Madam," akamwambia Nyamusi akifungua kompyuta yake, "umekataa vifaa vyangu kwa sababu havifuati kanuni. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Sawa. Sasa tuangalie seva yako." Akamgeuzia skrini. "Kanuni zinasema kila ombi litaje jina la seva linayoiita. Vipimajoto vya Kegonde ni vya zamani, havitaji. Wewe unapokea. Kanuni zinasema kila mstari kwenye kichwa uishe na alama mbili. Hivi vinaweka moja. Unapokea. Hapa kuna kimoja kinaandika amri kwa herufi ndogo." Akacheka kidogo. "Unapokea! Kwa hivyo usinihubirie kanuni. Wewe unachagua zile unataka, halafu zile hutaki unatuwekea sisi. Ama fuata zote, ama uwache watu wafanye kazi."

Frankline, aliyekuwa ameegemea ukuta, alimtazama Nyamusi akingoja jibu. Alichoweza Nyamusi kusema ni, "Nitaangalia," na Joash akafunga kompyuta yake kwa adabu ya mtu aliyeshinda.

Alipoondoka, Nyamusi aliketi na kuandika toleo jingine la seva kwa hasira. Ama zote, alisema? Basi zote. Akaziba kila upenyo aliouacha siku za mwanzo. Mstari usioishia vizuri, kataa. Ombi lisilotaja jina la seva, kataa. Kisha, bila kugusa seva ya kweli, akalilisha toleo hilo jumbe za siku nzima na kulitazama likifanya kazi.

Lilikataa karibu kila mtu. Friji za Kegonde na jirani zake zilianguka zote kwa kukosa mstari mmoja. Nyamusi alizisoma jumbe hizo moja baada ya nyingine, akitafuta madhara. Hakuyaona. Ndiyo, hazikutaja jina la seva; lakini upande ule wa laini kulikuwa na seva moja tu, hapakuwa na mwingine wa kuchanganywa naye. Ndiyo, mistari iliisha kwa alama moja badala ya mbili. Lakini iliisha, na hakuna mahali ambapo ungeweza kusoma kitu kingine. Friji ilisema mimi ni Kegonde, joto langu ni nne. Ilisema vibaya, na ilieleweka. Aligeuza huku na huku akijaribu kuipa maana nyingine, akashindwa.

Kisha akaurudia ujumbe wa Kolweny. Huu ulikuwa umevaa vizuri. Mistari iliisha inavyotakiwa, jina la seva lilitajwa, kila kitu mahali pake. Ila ulikuwa na urefu mara mbili, na ukichagua huu unapata habari moja, ukichagua ule unapata habari nyingine, na hakuna ndani yake kitu cha kukuambia ipi ni ya kweli.

Aliinuka, akalifuta lile toleo la ghadhabu. Jibu la Joash alikuwa nalo sasa, na alijilaumu kwa kuwa lilimjia Joash akiwa ameshashuka ngazi.

Alhamisi alikwenda Homa Bay peke yake, Frankline akiwa ametangulia na vifaa vya mkutano. Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa hoteli ulioelekea ziwa, madirisha wazi, harufu ya samaki ikipanda kutoka chini kwenye soko. Nyamusi aliingia watu wakiwa wameshaketi. Alimwona Daktari Millicent mbele, mama wa miwani myembamba aliyesimamia fedha za wafadhili, na wageni wake kando yake. Joash alikuwa safu ya pili. Rispa alikuwa ameketi karibu na mlango kwa sare yake nyeupe iliyopigwa pasi, amealikwa aseme machache kuhusu faida ya mradi.

Halafu akaiona skrini ukutani. Ilikuwa ya kijani kutoka juu hadi chini.

Frankline alimwona akiiona. Alimfuata haraka, akamshika kiwiko. "Leo tu," akanong'ona. "Nimerudisha ile ya zamani asubuhi. Wakishaondoka, utaweka yako, sitasema kitu. Nakuomba."

Nyamusi alivuta mkono. Akaketi kando ya Rispa kwa kuwa ndipo palipokuwa na kiti.

Frankline alianza kuzungumza. Alizungumza vizuri siku zote, na siku hiyo alijitahidi zaidi. Alieleza akina mama wanatoka wapi, chanjo zinapita njia gani, na vile skrini moja inavyoona friji zote toka ziwani hadi mpakani. Wageni walitikisa vichwa. Rispa alikuwa ameinua shingo, akiisoma ramani.

"Nyar Kuria," akanong'ona, "hiyo iliyoandikwa Kolweny si ni mimi?"

"Ni wewe, sista."

"Inasema nne."

"Ndiyo."

"Lakini friji yangu imezimwa. Fundi aliondoka na mashine yake ya nyuma. Iko tupu, mlango uko wazi. Nimeweka viatu ndani." Akamgeukia Nyamusi, na macho yake hayakuwa na mzaha. "Sasa mimi nikisimama pale niwaambie nini?"

Nyamusi alisimama.

"Samahani," akasema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Hiyo skrini si ya kweli."

Frankline alibaki ameinua mkono kuelekea ukutani.

"Nyamusi, kaa chini. Maswali ni mwisho."

"Sitakaa. Friji ya Kolweny imezimwa. Muuguzi wake ni huyu hapa. Ile pale inasema nne."

Daktari Millicent aligeuka kwenye kiti. "Ni kweli, sista?"

Rispa alisimama pia, polepole, akinyoosha sare. "Daktari, ni kweli. Ni kabati sasa. Nimeweka viatu."

Mtu mmoja alicheka, akaacha. Nyamusi alitembea hadi mbele. Aliwaeleza kwa maneno mafupi: vipimo viwili, seva iliyochagua, joto lililoazimwa kwa jirani. Aliwaambia kwamba seva ile ameiandika yeye, na kwamba iko nyingine inayokataa jumbe za namna hiyo, na kwamba ile ya pili ndiyo iliyopaswa kuwa ukutani.

Joash aliinua mkono, akasimama. "Daktari, ni jambo dogo la kiufundi. Na huyu madam hafuati kanuni anazozisema. Jana nilimwonyesha. Anapokea makosa ya kila aina, kosa moja tu ndilo analikataa, na ni la vifaa vyangu."

"Ni kweli napokea makosa," Nyamusi akasema. "Jana sikukujibu, Bwana Joash. Wacha nikujibu leo. Mimi ni Mkuria. Sista Rispa ni Mjaluo. Tukikutana sokoni Migori, Kiswahili chetu wote kimepinda, na bado tunauziana nyanya, kwa sababu akisema 'hii nyanya ngapi' kuna kitu kimoja tu anaweza kuwa anauliza. Simfukuzi. Lakini mtu akiniambia bei mbili kwa pumzi moja, siwezi kuchagua ile inanipendeza halafu niseme ndiyo tumeelewana. Namwambia, sema tena. Vifaa vya Kegonde vinaongea vibaya na maana ni moja. Nitavipokea, hata kanuni ikisema nisivipokee, na nitaandika wazi kwamba navipokea. Vyako vinaongea vizuri na maana ni mbili. Hapo siendi hata nusu hatua. Kanuni ile ya vipimo viwili iliwekwa ili mtu kama mimi asikisie."

"Unakataa friji zaidi ya nusu!"

"Nakataa jumbe. Friji ziko, wauguzi wako. Nikikataa, sista anajua aweke kipimo cha mkono, kama alivyofanya kabla sisi hatujakuja. Nikimwambia nne, haweki."

Daktari Millicent alivua miwani. "Na ikiwa tutasema mradi hauwezi kuendelea ukiwa mwekundu hivi?"

Nyamusi alimtazama Frankline. Alikuwa ameinamisha kichwa. Alijua vile alivyohangaikia siku hii, alijua watu wangapi ofisini walikula kwa mkataba ule, yeye akiwamo.

"Basi usiendelee," akasema. "Lakini hautaendelea ukiwa wa kijani kwa mkono wangu."

Akainama kwenye kompyuta iliyokuwa mezani. Frankline angeweza kuifunga. Ilikuwa karibu naye kuliko kwake. Mkono wake ulisogea, ukasimama. Nyamusi akaandika amri, akabonyeza. Ukutani Kolweny ikawa nyekundu, kisha ufuo mzima ukaifuata.

Nje, chini ya ngazi za hoteli, Frankline alimkuta.

"Umenivua nguo mbele ya watu," akasema. Hakupaza sauti; ingekuwa rahisi zaidi kama angepaza.

"Ulirudisha bila kuniambia."

"Ni kampuni yangu!"

"Na ni seva yangu, na ni jina langu wauguzi wanaita simu ikilia. Frankline, mtoto akidungwa maji badala ya chanjo hakuna mtu angejua. Angeonekana mzima leo, angeugua mwaka ujao, tungesema ni bahati mbaya."

Frankline alifuta uso kwa kiganja. "Jumatatu usije."

"Sawa. Lakini ukirudisha ile ya zamani, nitapigia kila sista simu, mmoja mmoja."

Alisema hivyo, akageuka, akashuka hadi sokoni, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. Rispa alimkuta kati ya meza za samaki. Hakumwambia asilie. Alimnunulia soda, akasimama naye mpaka ikaisha.

Nyamusi alirudi kwao, karibu na Isebania, akamsaidia mama yake kupanga mahindi ghalani. Wafadhili hawakutoa kaunti zingine. Daktari Millicent aliandika kwamba watasubiri, na kwamba kampuni ya vipimajoto itengeneze programu ya vifaa vyake kwa gharama yake. Kampuni ilikana, kisha ikasema kosa ni la mtambo wa kati, kisha ikatengeneza. Lakini programu mpya haikuweza kutumwa kwa laini ya simu. Kila kifaa kilihitaji kufunguliwa na kuwekewa waya, friji kwa friji.

Frankline alikuja mwenyewe. Boda boda ilimshusha langoni, akamsalimia mama kwa heshima, akakubali kiti na uji kabla ya kusema lililomleta.

"Sijairudisha," akasema walipobaki wawili. "Nilitaka. Jumatatu hiyo hiyo nilikaa mbele ya kompyuta. Halafu sista mmoja wa Rangwe akapiga, akaniuliza leo inakataa ama inakisia. Hivyo tu. Nikasema inakataa. Akasema haya, asante. Kila asubuhi wanauliza hivyo siku hizi." Alizungusha kikombe mikononi. "Wewe ungejibu nini?"

Nyamusi alimwongezea uji.

"Rudi kazini," akasema Frankline.

"Nikirudi, tutaandika ukurasa ambao kila mtu anaweza kuusoma. Tunapokea nini nje ya kanuni, na kwa nini. Tunakataa nini, hata aombe nani. Na hakuna mtu atabadilisha peke yake. Si wewe, si mimi."

"Hata kukiwa na wageni?"

"Hasa kukiwa na wageni."

Frankline alicheka, bado akiwa amekasirika kiasi, na kwa muda mrefu baadaye aliendelea kukasirika kiasi. Walibishana juu ya ukurasa huo mstari kwa mstari. Yeye alitaka waache kupokea herufi ndogo, Nyamusi akataka zibaki. Kuhusu vipimo viwili vinavyofanana walivutana hadi mabati yakaisha kushushwa dukani chini ya ofisi, wakakubaliana kuvipokea na kuviandika kando. Hawakuwahi kuwa marafiki kama zamani. Ukurasa uliwekwa mtandaoni.

Kisha Nyamusi akatia waya kwenye mkoba na kuanza kuzunguka. Alianza na Kolweny, Rispa akiwa ameondoa viatu na fundi amerudisha mashine, akapanda milima ya Kuria, akapita Asumbi na vituo vya ndani. Nukta zilirudi kijani kidogo kidogo. Zilibaki zile za visiwani.

Alikuwa amesimama ufuoni asubuhi, akingoja boti ya injini ijae watu, Joash alipopiga.

"Madam, zimebaki chache sana. Ziko mbali, na ripoti yangu inatakiwa wiki hii. Si uzifungulie tu kidogo? Hizo pekee. Nani atajua?"

"Hapana."

"Hata hujafikiria."

"Nimefikiria, Bwana Joash. Ziko mbali, ndiyo maana naenda."

Mwenye boti alikuwa akiwaita waliobaki. Nyamusi alitia simu kwenye mfuko wa plastiki pamoja na waya, akaufunga fundo, akavua viatu na kuingia majini kuifuata boti.